Si Mtoto, Si Mtu Mzima: Kujenga Huduma za Saratani kwa Vijana

Utangulizi

Wasichana wawili wanafika katika hospitali moja ya rufaa ndani ya wiki moja. Wa kwanza ana umri wa miaka 13, wa pili miaka 17. Wote wamekuwa na homa za kujirudia, uchovu, maumivu ya mifupa na fizi zinazotoka damu. Wote wametibiwa malaria zaidi ya mara moja kabla ya kupewa rufaa. Kipimo cha uboho kinaonesha kwamba wana ugonjwa uleule: lukemia kali ya limfoblasti, ambayo ni saratani ya chembe nyeupe za damu.

Wa kwanza anapelekwa wodi ya watoto. Mama yake anaruhusiwa kulala kando ya kitanda chake, mwalimu wa wodi anamletea daftari, na matibabu yake yanafuata mwongozo wa watoto. Wa pili anapelekwa wodi ya wanawake. Kulia kwake amelala bibi mwenye saratani ya umio, kushoto mama mwenye saratani ya titi. Ndugu zake wanamwona katika saa za kutazama wagonjwa tu, na dawa anazopangiwa ni za mwongozo wa watu wazima.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wahudumu wengi wa afya watautambua. Swali linalozuka ni hili: iwapo matokeo ya wasichana hawa yatatofautiana, je, sababu itakuwa miaka minne ya umri, au mlango ambao kila mmoja aliingilia? Swali hilo ndilo lililozaa taaluma ya tiba ya saratani kwa vijana. Makala haya yanaeleza kwa nini vijana wanahitaji huduma iliyopangwa kwa ajili yao, na namna hospitali inavyoweza kuianza kwa watumishi na vyumba ilivyo navyo.

Kijana ni nani?

Mipaka ya umri hutofautiana. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani huwahesabu katika kundi hili wagonjwa wa miaka 15 hadi 39. Nchini Uingereza huduma za vijana huwalenga zaidi walio kati ya miaka 16 na 24. Shirika la Afya Duniani huwaita vijana balehe wale wa miaka 10 hadi 19. Kwa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtambua mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto.

Hospitalini, hata hivyo, mpaka huwekwa mara nyingi na idadi ya vitanda kuliko sheria. Hospitali moja huishia miaka 12 katika wodi ya watoto, nyingine 14, nyingine 18. Ndiyo maana msichana wa miaka 17 anaweza kuwa mtoto mbele ya sheria, mwanafunzi mbele ya mwalimu wake, na mtu mzima mbele ya karani wa mapokezi, yote hayo katika siku moja.

Duniani kote, zaidi ya watu milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 39 hugunduliwa kuwa na saratani kila mwaka. Hao ni wachache wakilinganishwa na wazee, na ni wengi wakilinganishwa na watoto. Kwa kuwa katikati, wamezoea kusahauliwa na pande zote mbili. Mwaka 2006 ripoti ya wataalamu wa Marekani ilionesha kwamba, katika miongo iliyotangulia, maendeleo ya kuokoa maisha ya wagonjwa wa umri huu yalikuwa nyuma ya yale ya watoto na ya watu wazima zaidi.

Saratani zinazowapata vijana

Saratani za vijana zina sura yake. Katika miaka ya balehe hadi mwanzo wa ishirini hutawala limfoma, hasa ya Hodgkin, lukemia, sarkoma za mifupa, uvimbe wa ubongo, na saratani za korodani na vifuko vya mayai zinazotokana na chembe za uzazi. Saratani ya mfupa iitwayo osteosarkoma hupenda kuota karibu na goti, na huonekana zaidi katika kipindi ambacho kijana anarefuka kwa kasi.

Kuelekea miaka ya thelathini, saratani za titi, mlango wa kizazi, tezi la shingo na utumbo mpana huanza kuchukua nafasi. Katika Afrika Mashariki kuna mengine ya kuzingatia. Sarkoma ya Kaposi huwapata zaidi vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Saratani ya ngozi huweza kuwapata watu wenye ualbino wakiwa bado katika miaka ya ishirini, ilhali kwa wengine ni ugonjwa wa uzeeni. Saratani ya kondo la nyuma humpata mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, mara nyingi baada ya mimba zabibu, na ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kwa dawa hata ikiwa imefika kwenye mapafu.

Jambo la kushika hapa ni kwamba saratani nyingi za umri huu hupona. Kijana anayefika mapema na kukamilisha tiba ana matumaini makubwa kuliko wagonjwa wengi waliolala katika wodi anayowekwa. Kumlaza miongoni mwa wagonjwa wanaokaribia mwisho wa safari, bila maelezo, humfundisha jambo lisilo kweli kuhusu ugonjwa wake.

Mlango alioingilia mgonjwa

Ushahidi ulioamsha taaluma hii ulitoka kwenye lukemia. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walilinganisha wagonjwa wa miaka 15 hadi 20 waliotibiwa kwa mwongozo wa watoto na wenzao wa umri uleule waliotibiwa kwa mwongozo wa watu wazima. Baada ya miaka mitano, asilimia 67 ya kundi la kwanza walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya asilimia 41 ya kundi la pili. Nchini Marekani, ulinganisho uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wagonjwa 321 wa miaka 16 hadi 20 ulionesha kwamba baada ya miaka saba asilimia 67 ya waliotibiwa kwa mwongozo wa watoto walikuwa hai, dhidi ya asilimia 46 ya waliotibiwa kwa mwongozo wa watu wazima.

Umri ulikuwa mmoja na ugonjwa ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni daktari aliyempokea mgonjwa. Miongozo ya watoto ilitumia kwa wingi zaidi dawa za vinkristini, asparajinasi na steroidi, ilianza mapema kuukinga ubongo kwa sindano za uti wa mgongo, na ilishika ratiba kwa ukali zaidi.

Tafiti hizo zililinganisha makundi yaliyokwisha kutibiwa. Hazikuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa kuujaribu mwongozo wa aina ya watoto kwa watu wakubwa zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 295 wa miaka 17 hadi 39, ulikuta asilimia 73 wakiwa hai baada ya miaka mitatu, matokeo bora kuliko yale ya nyuma. Ulionesha pia kwamba kadiri umri na uzito unavyozidi, ndivyo madhara ya asparajinasi kwa ini na damu kuganda yanavyohitaji uangalizi. Somo lake si kwamba kila kijana atibiwe kama mtoto. Somo ni kwamba daktari wa watoto na daktari wa watu wazima wanapaswa kukaa pamoja na kuamua, kwa kila aina ya saratani, mwongozo upi unamfaa kijana.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Kijana huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayemtarajia kuwa na saratani. Goti likiuma, husemwa ni mpira. Tezi zikivimba, huanzishiwa dawa za kifua kikuu. Akipungukiwa damu, hupewa vidonge vya madini ya chuma. Mara nyingi makisio hayo huwa sahihi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mhudumu wa zahanati au kituo cha afya hahitaji kuitambua saratani. Anahitaji kutambua kwamba tiba aliyotoa haikuleta matokeo yaliyotarajiwa. Dalili zifuatazo zinataka hatua:

1. Maumivu ya mfupa yanayodumu zaidi ya wiki mbili au tatu, yanayozidi usiku, hasa yakiwa na uvimbe. Apigwe picha ya eksirei. Asikandwe wala kuchuliwa.

2. Tezi iliyovimba zaidi ya sentimita 2, ngumu, isiyouma, isiyopungua kwa wiki nne hadi sita, au iliyo juu ya mtulinga. Itolewe tezi nzima na kupelekwa maabara ya patholojia, kwa kuwa majimaji ya sindano nyembamba hayatoshi kuainisha limfoma. Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye hakuthibitishwa kwa vipimo na hapati nafuu achunguzwe upya.

3. Homa, weupe wa viganja na kutokwa damu kwa pamoja. Apimwe damu kamili, na chembe zake zitazamwe kwa hadubini.

4. Uvimbe wa korodani usio na maumivu. Apimwe kwa ultrasaundi. Korodani isichomwe sindano wala kupasuliwa kupitia mfuko wake.

5. Kutokwa damu ukeni kusikoisha baada ya mimba kutoka, kujifungua au mimba zabibu. Apimwe homoni ya mimba.

6. Kuumwa kichwa asubuhi pamoja na kutapika, au kuona vitu viwili viwili.

Onyo moja linastahili kurudiwa. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na limfoma au lukemia asipewe prednisoloni kabla ya sampuli kuchukuliwa. Dawa hiyo hupunguza uvimbe kwa siku chache, humpa nafuu ya uongo, na huweza kuficha ugonjwa hata kipimo kikashindwa kuuona.

Mazungumzo manne kabla ya dozi ya kwanza

Jambo la kwanza ni ukweli. Familia nyingi huomba kijana asiambiwe jina la ugonjwa. Baba mdogo au kaka mkubwa humvuta daktari pembeni na kusema: “Mwambie ni uvimbe wa kawaida tu.” Ombi hilo hutoka katika mapenzi, na halipaswi kujibiwa kwa ukali. Lakini kijana mwenye simu mkononi atalisoma jina la dawa kwenye chupa na kulitafuta mwenyewe. Akigundua kwamba alifichwa, atawatilia shaka daktari na wazazi wake kwa pamoja, katika wakati ambapo anawahitaji kuliko wakati wowote. Njia inayofaa ni kukaa kwanza na wazazi, kuwaeleza sababu, kisha kumwambia kijana wakiwapo, kwa maneno mepesi, na kumwachia nafasi ya kuuliza tena kesho. Aliye chini ya miaka 18 hutiwa saini na mzazi au mlezi, lakini kukubali kwake mwenyewe kutafutwe na kuandikwa katika jalada. Kila kijana apewe pia dakika chache peke yake na daktari au muuguzi, kwa maana kuna maswali ambayo hayaulizwi mbele ya mama.

Jambo la pili ni uzazi. Dawa kama siklofosfamidi, na mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga, huweza kuua chembe za uzazi. Kwa mvulana aliyebalehe, mbegu zinaweza kuhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kazi ya kuzitoa ni ya siku moja au mbili. Kwa msichana, kuhifadhi mayai huhitaji karibu wiki mbili, muda ambao ugonjwa mkali hauwezi kusubiri. Huduma hizi ni chache katika ukanda wetu na zina gharama. Hata hivyo zipo hatua zisizohitaji maabara kubwa: kuzikinga korodani wakati wa mionzi, kuvihamisha vifuko vya mayai kwa upasuaji kabla ya mionzi ya nyonga, na kuchagua mwongozo wenye madhara madogo kwa uzazi pale ambapo tiba hailegei. Kijana aelezwe hata kama hakuna kinachowezekana. Anayeambiwa mapema hupata nafasi ya kuhuzunika akiwa na watu wa kumshika mkono, tofauti na anayeligundua jambo hilo miaka kumi baadaye akiwa ndani ya ndoa. Aelezwe pia kwamba tiba si kinga ya mimba, na kwamba mimba inayotungwa wakati wa tibakemikali iko hatarini.

Jambo la tatu ni shule na kazi. Kwa kijana wa kidato cha nne, mtihani wa taifa ni jambo zito pengine kuliko nywele zitakazodondoka. Barua ya daktari kwa mkuu wa shule, ratiba ya dozi iliyopangwa kwa kutazama kalenda ya mitihani pale inapowezekana, na utaratibu wa kurudia mwaka bila aibu, ni sehemu ya tiba. Kwa fundi, dereva wa bodaboda au mama lishe wa miaka 25, swali ni nani atashika kazi na nani atalisha watoto.

Jambo la nne ni nauli, malazi na mlezi. Matibabu ya lukemia huchukua miaka miwili hadi mitatu. Familia inayotoka Kigoma au Mtwara huweza kumudu safari ya kwanza kwa mchango wa ukoo na kushindwa safari ya tano. Afisa ustawi wa jamii akutane na familia katika wiki ya kwanza, asiitwe siku ambayo kijana ameshaacha kuja.

Kijana anayeacha tiba

Utoro wa matibabu huua vijana ambao dawa zingewaponya. Wengine huacha kwa kukosa nauli. Wengine huacha kwa sababu wamejisikia wazima baada ya dozi mbili, na uvimbe hauonekani tena. Wengine wameshawishiwa kwamba mganga fulani huponya bila kichefuchefu. Mgonjwa wa osteosarkoma hutoweka mara nyingi siku anaposikia neno “kukatwa mguu”. Hapo kumkaripia hakufai kitu. Kinachosaidia ni kumkutanisha na kijana mwenzake aliyekatwa mguu miaka iliyopita, anayetembea kwa mguu bandia na kufanya kazi, kabla ya siku ya upasuaji kupangwa.

Vidonge vya nyumbani vina hatari yake. Utafiti wa wagonjwa wa lukemia wenye umri mdogo umeonesha kwamba wale wanaomeza chini ya asilimia 95 ya dozi za merkaptopurini katika kipindi cha matunzo huwa na hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya maradufu. Kwa hesabu rahisi, kukosa dozi mbili tu kwa mwezi kunatosha kumshusha mtu chini ya kiwango hicho. Muuguzi asiulize, “Unameza dawa?” kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo. Aulize, “Wiki iliyopita ni siku ngapi ulizokosa, na nini kilikuzuia?”

Kila mgonjwa na kila mlezi ajue kanuni moja kwa moyo: joto la mwili likifika nyuzi 38 wakati wa tibakemikali, hiyo ni dharura. Kijana asipitishwe duka la dawa wala kusubiri asubuhi. Akifika hospitalini, antibiotiki ya mshipani ianze ndani ya dakika 60.

Namna ya kuanza kujenga

Wodi ya kwanza ya vijana wenye saratani nchini Uingereza ilifunguliwa mwaka 1990 katika Hospitali ya Middlesex, London, kwa msaada wa shirika la hisani la Teenage Cancer Trust. Mwaka 2005 miongozo ya taifa hilo ilielekeza kwamba wagonjwa walio chini ya miaka 19 watibiwe katika vituo maalumu, na wa miaka 19 hadi 24 wapewe hiari ya kutibiwa mahali penye huduma za vijana. Picha za wodi hizo, zenye rangi na meza za michezo, huweza kuwakatisha tamaa watumishi wa hospitali ambayo wagonjwa wake hulala wawili wawili kitandani.

Lakini Afrika Mashariki si mgeni wa kazi hii. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha tiba ya limfoma, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda, na wagonjwa walipona huko kwa dawa katika zama ambazo kwingi duniani saratani ilitibiwa kwa kisu na mionzi tu. Karibu zaidi na sasa, kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI zimejifunza kuwatengea vijana siku yao, mara nyingi Jumamosi, pamoja na vikundi vya rika na waelimishaji waliopitia hali hiyohiyo. Utaratibu huo ulianza kwa kupanga upya siku, watu na mazungumzo, katika majengo yaleyale. Huduma za saratani zinaweza kuazima mfano huo kutoka jengo la jirani.

Hatua zifuatazo zinaweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya ya ujenzi:

1. Rejista. Hospitali ihesabu wagonjwa wake wa miaka 15 hadi 39, aina za saratani zao, wodi walizolazwa, waliomaliza tiba na walioacha. Asiyehesabiwa hapangiwi.

2. Kikao cha pamoja. Mara moja kwa wiki, madaktari wa saratani wa watoto na wa watu wazima, wa upasuaji, wa patholojia na wa mionzi, pamoja na muuguzi na afisa ustawi wa jamii, wajadili kila kijana mpya kabla ya tiba kuanza.

3. Mwongozo mmoja kwa kila ugonjwa. Wodi zote mbili zikubaliane kwa maandishi namna ya kumtibu kijana mwenye lukemia, limfoma ya Hodgkin au osteosarkoma, ili mlango wa kuingilia usiamue tena.

4. Muuguzi mratibu. Mtu mmoja mwenye simu, anayemjua kila kijana kwa jina na anayepiga siku ileile miadi inapokosekana.

5. Kona ya vijana. Vitanda vinne vilivyotengwa kwa pazia, saa za kutazama wagonjwa zilizolegezwa, na siku moja ya kliniki kwa wiki. Hapo vijana hukutana, na ile hali ya kujiona peke yake duniani hupungua.

6. Tiba shufaa tangu mwanzo. Kutuliza maumivu, kichefuchefu na huzuni si kazi ya siku za mwisho. Kijana ambaye hatapona naye ana haki ya kuambiwa, kuchagua mahali atakapokuwa, na kumaliza yale anayotaka kuyamaliza.

Baada ya tiba

Kijana aliyepona ana miaka 50 au zaidi ya kuishi na mwili uliopita katika dawa kali. Doksorubisini huweza kuudhoofisha moyo, sisplatini masikio na figo, bleomisini mapafu. Msichana aliyepigwa mionzi ya kifua anahitaji kuanza uchunguzi wa matiti mapema kuliko wenzake. Kwa hiyo siku ya mwisho ya tiba apewe kadi ya muhtasari: jina la ugonjwa, dawa na jumla ya dozi zake, sehemu zilizopigwa mionzi, na vipimo vya kufuatiliwa. Daktari atakayemwona baada ya miaka 20, akiwa mjamzito anayehema kwa shida, huenda asipate jalada lake. Kadi hiyo ndiyo itakayosema.

Kwa kijana na familia yake

Mgonjwa ana haki ya kuuliza, na maswali haya yanaweza kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kuingia kwa daktari: Ugonjwa huu unaitwaje, na lengo la tiba ni kuponya au kutuliza? Je, madaktari wa watoto na wa watu wazima wamejadili kwa pamoja mwongozo unaonifaa? Tiba hii itaathirije uwezo wangu wa kupata watoto, na nini kinaweza kufanyika kabla ya kuanza? Nimpigie nani simu nikipata homa usiku? Nitarudi lini shuleni au kazini?

Wazazi wana kazi yao isiyoweza kufanywa na hospitali. Ni kukaa karibu bila kumrudisha kijana utotoni, kumwachia aseme mwenyewe pale anapoweza, na kutolificha jina la ugonjwa nyumbani kana kwamba ni aibu ya ukoo.

Hitimisho

Wasichana wawili wa mwanzo wa makala haya wana ugonjwa mmoja. Hospitali haiwezi kuibadili miaka yao, lakini inaweza kuhakikisha kwamba madaktari wao wamezungumza, kwamba dawa zao zimechaguliwa kwa ugonjwa na mwili wao na si kwa jina la wodi, na kwamba yule wa miaka 17 ana muuguzi anayejua kuwa mtihani wake ni Novemba. Jengo la vijana litakapopatikana litapokelewa kwa furaha. Kikao cha wiki kinaweza kuanza Jumatatu ijayo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kituo chako, mgonjwa wa miaka 16 hulazwa wapi, na nani aliyeweka mpaka huo?

2. Taja dalili tatu zinazomfanya kijana aliyetibiwa malaria au kifua kikuu bila nafuu achunguzwe saratani. Kwa nini prednisoloni isitolewe kabla ya sampuli?

3. Mzazi anaomba mwanawe wa miaka 17 asiambiwe ugonjwa wake. Eleza hatua utakazochukua, ukianza na mazungumzo na mzazi huyo.

4. Kati ya hatua sita za kuanza huduma za vijana, ni ipi inayoweza kutekelezwa katika kituo chako ndani ya mwezi mmoja, na nani atakabidhiwa?